Chuo cha sanaa au chuo kikuu? Mwongozo kamili kwa kijana wa jukwaani na mzazi wake

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu huanza kulia. Ya kidato cha sita yakitoka, inalia tena. Anayepiga mara nyingi ni mzazi, na swali ni lile lile: nimpeleke Bagamoyo au nimwache asubiri Mlimani? Wengine hawaulizi, wanashtaki. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu ana akili zake timamu, leo anataka kwenda kusomea kukata viuno." Nilicheka, kwa sababu mama yangu mzazi alisema karibu hivyo hivyo.

Mimi nimepita kote kuwili. Nilianza na stashahada ya chuo cha sanaa, nikacheza ngoma miaka kadhaa, kisha nikaingia chuo kikuu magoti yakiwa yameshaanza kulalamika. Nilichogundua ni kwamba wengi wanauliza kipi ni bora, au kipi ni cha wenye akili, wakati la kuuliza ni kipi kitangulie. Hapa Tanzania njia hizi mbili zinakutana huko mbele, ila gharama ya kuzipita inategemea umeanza na ipi. Goti la miaka 19 halimsubiri mtu amalize shahada. Maktaba itamsubiri hata mvi zikimtoka.

Nitatumia mifano miwili mikubwa: Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi tunakiita Mlimani. Wa Zanzibar, Kenya na Uganda nimewawekea neno lao mbele kidogo.

Kabla ya yote: kila chuo kilizaliwa kufanya nini

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, lakini mizizi yake ni vikundi vya taifa vya miaka ya 1960 na 1970: ngoma, sarakasi na maigizo. Vijana wa sarakasi walipelekwa China kujifunza, wakarudi kutumbuiza nchi nzima. Vikundi vilipovunjwa, ujuzi ule ukahamia chuoni. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali na kupata jina la TaSUBa. Kwa hiyo kwa asili yake ni mahali pa watu wa kutenda. Marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa ala za ilimba na zeze kutoka Ugogoni, alifundisha hapo, na elimu ya namna yake huwezi kuinakili ubaoni. Unakaa karibu na mtu, unatazama vidole vyake, unakosea, anakurudisha.

Sanaa za maonyesho Mlimani zilianza kufundishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na zilikulia katikati ya mijadala ya Azimio la Arusha. Walimu kama Penina Mlama na Amandina Lihamba hawakuishia ukumbini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na wanakijiji ya kuyaweka matatizo yao kwenye ngoma na maigizo ili yajadiliwe. Huo ndio urithi wa idara inayoitwa leo Idara ya Sanaa Bunifu: kuuliza sanaa inafanya nini kwa watu, kuandika, kuongoza, kutafiti. Jukwaa lipo, lakini haliko peke yake.

Ukilishika hili, hutalalamika kwamba Bagamoyo hawakukufundisha kuandika tasnifu, wala kwamba Mlimani hawakukupa saa sita za ngoma kwa siku.

Hatua ya 1: Weka matokeo mezani upige hesabu

Fanya hili kabla ya ndoto, maana ndilo litakaloamua mlango gani uko wazi mwaka huu.

Kuingia ngazi ya cheti chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, sifa ya kawaida ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D, bila kuhesabu masomo ya dini. Hiyo ndiyo ngazi ya 4 ya tuzo za kiufundi. Ngazi ya 5 inafuata, na stashahada ni ngazi ya 6. Kwa aliyetoka kidato cha nne, hapo ni miaka mitatu mpaka stashahada. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na alama moja kuu (A mpaka E) na moja ndogo (S) mara nyingi huruka ngazi ya 4. Ulizia chuoni kwa fani yako hasa.

Shahada ina hesabu yake. Kwa mwombaji wa moja kwa moja, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inataka alama kuu mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo mwenye D mbili amepita: 2 na 2 ni 4. Mwenye C na E naye amepita. Mwenye D na E ana 3, amebaki nje, hata kama anaimba mpaka ndege wanatulia. Chuo kinaweza kudai zaidi ya hapo, au kutaja masomo fulani, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka wako, ukurasa wa chuo husika, msitari kwa msitari. Usisome cha mwaka jana ulichotumiwa WhatsApp.

Sasa ule mlango wa pembeni, ambao wazazi wengi hawaujui: mwenye stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama za chuoni, isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne anaweza kuomba shahada bila kupita kidato cha sita. Nimewaona vijana waliopata daraja la nne kidato cha nne, wakaonekana wamekwisha, wakaingia chuo cha sanaa, na miaka michache baadaye wako darasa moja na waliotoka sekondari za vipaji maalumu. Kinachowaangusha wengine ni hiyo 3.0. Wanakwenda chuo cha sanaa wakidhani hakuna kusoma, wanapiga ngoma vizuri ajabu, halafu wanapata alama za chini kwenye stadi za mawasiliano na kompyuta. Mlango wa pembeni unafungwa kwa somo walilolidharau.

Hatua ya 2: Taja kazi, usitaje "sanaa"

Andika kwenye karatasi sentensi moja inayoanza na "Nikiwa na miaka 30 nataka siku yangu ya kazi iwe..." Usiandike "niwe msanii". Andika unafanya nini saa tatu asubuhi na nini saa mbili usiku.

Kama umeandika kucheza, kupiga ala, sarakasi, kuigiza, kufunga taa na kuchanganya sauti, unataka ufundi wa mwili na mikono. Chuo cha sanaa ndicho mahali pake. Kama umeandika kuongoza, kuandika miswada, kuendesha tamasha, kufundisha chuoni, kutafiti, kufanya kazi na mashirika yanayotumia maigizo kuelimisha jamii, chuo kikuu kina uzito zaidi.

Kuna kundi la tatu ambalo halisemi ukweli hata kwenye karatasi yake: wanaotaka ajira ya serikali. Si aibu. Afisa Utamaduni wa halmashauri ana mshahara, bima na likizo. Kama ndiyo nia yako, tafuta tangazo la karibuni la Sekretarieti ya Ajira usome kipengele cha sifa. Kwa kada nyingi mwenye shahada huanzia ngazi ya mshahara ya TGS D, na mwenye stashahada TGS C. Msimamizi wa usaili hataangalia unavyocheza ngoma ya Lizombe.

Na ualimu: mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeipa sanaa nafasi pana kuliko zamani, na upande wa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, shule zitahitaji watu wanaojua kutenda. Lakini kufundisha sekondari kunadai mafunzo ya ualimu pia, siyo shahada ya sanaa tupu. Wengi huligundua hili wakiwa wameshahitimu.

Hatua ya 3: Omba ratiba ya wiki, isome kama mkataba

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu ndipo tofauti ya kweli ilipo, na hakuna kipeperushi kinachoionyesha.

Kwenye karatasi mifumo hii miwili inalingana. Krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka kamili wa masomo una krediti 120. Ni hivyo NACTVET, ni hivyo TCU. Yaani kote unanunua saa 1,200 kwa mwaka. Swali ni saa hizo zinaliwa na nini.

Nitakueleza asubuhi yangu ya chuo cha sanaa. Saa moja na nusu tuko sakafuni, bado usingizi haujaisha, tunapasha misuli. Nje mwenzetu mmoja amewasha moto wa makuti na magazeti, anapitisha ngozi za ngoma juu ya ndimi za moto, anagonga kwa kiganja, anasikiliza, anazirudisha tena. Ngoma iliyolala kwenye unyevu wa pwani hulia kama debe la maji, na mwalimu wetu alikuwa haanzi mpaka zilie inavyotakiwa. Tukianza ngoma ya Mganda, tunaweza kurudia hatua nne zile zile mpaka saa nne. Hatua nne! Mwezi wa kwanza nilidhani tunapotezewa muda. Mwezi wa tatu nilisimama kwenye onyesho, mpigaji akapotea kidogo, na miguu yangu ikaendelea yenyewe. Nikaelewa zile asubuhi zilikuwa za nini.

Chuo kikuu asubuhi yangu ilikuwa foleni ya fotokopi. Kurasa 40 za kusoma kabla ya semina, insha ya Ijumaa, kozi ya jumla kwenye ukumbi wa watu mia kadhaa. Mazoezi ya maigizo tuliyafanya kuanzia saa kumi na moja jioni, kama ukumbi haujachukuliwa na mkutano. Lakini katika semina zile ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kwa nini ngoma za jando na unyago zilipohamishiwa jukwaani zilibadilika maana, jambo nililokuwa nimelicheza miaka bila kulifikiria. Nilijifunza pia kuandika ombi la fedha. Ombi hilo limenilisha kuliko hatua yoyote ya ngoma.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kila chuo unachokifikiria, siyo ofisi ya udahili, mwanafunzi. Mwombe apige picha ratiba yake ya wiki. Chukua kalamu mbili. Kwa rangi moja piga msitari saa ambazo mwili, sauti au ala vinafanya kazi. Kwa nyingine, saa za kukaa na kusikiliza. Hesabu. Kisha mwulize swali la nyongeza: katika saa hizo za vitendo, wiki iliyopita zilifanyika ngapi kweli? Ratiba inaweza kuandika saa nne za piano wakati piano ni moja na wanafunzi ni 15.

Hatua ya 4: Nenda ukaone, lakini usiende siku ya sherehe

Tamasha la Bagamoyo limekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ukienda wakati huo utatoka umeamua tayari. Kila kitu kinang'aa, ngoma zinalia mpaka usiku, upepo wa bahari unakupiga. Nenda kufurahi. Lakini kwa ajili ya uamuzi, nenda Jumanne ya kawaida katikati ya muhula. Panda gari za Bagamoyo pale Makumbusho asubuhi, uwe umerudi jioni. Mlimani fanya vivyo hivyo: usiishie Nkrumah Hall kupiga picha, tafuta idara yenyewe.

Mambo ya kutazama:

Sakafu. Wengi hawaifikirii. Sakafu ya saruji tupu haina huruma na magoti wala na mifupa ya mbele ya miguu. Sakafu ya mbao yenye nafasi chini yake inabonyea kidogo. Vua viatu, ruka mara kumi, usikilize.

Ala. Zimefungiwa stoo au ziko mikononi mwa wanafunzi? Nani ana ufunguo, na jioni anapatikana?

Walimu. Uliza mwalimu wa fani yako alipanda jukwaani lini mara ya mwisho. Uliza kwa adabu, "Shikamoo mwalimu, tunaweza kukuona wapi ukitumbuiza?" Jibu lake litakuambia mengi.

Wahitimu. Pata majina ya watatu waliomaliza miaka miwili iliyopita na uwapigie. Siyo yule aliyebandikwa kwenye bango, kila chuo kina wake.

Hatua ya 5: Hakiki usajili

Fupi tu. Chuo cha ngazi ya cheti na stashahada kiangalie kwenye tovuti ya NACTVET, chuo kikuu kwenye tovuti ya TCU, na hakikisha programu yenyewe imeidhinishwa, siyo jina la chuo pekee. Binamu yangu alilipa ada ya mwaka mzima kwenye chuo kimoja cha binafsi chenye studio nzuri kupindukia. Akahitimu, akapewa cheti chenye mhuri wa dhahabu. Alipotaka kujiendeleza, kile cheti hakikutambulika popote. Ujuzi anao, kazi anafanya, lakini anaanza upya ngazi ya 4 akiwa na miaka 27, amekaa na watoto wa kidato cha nne.

Hatua ya 6: Fedha, na tofauti ambayo haisemwi sana

Ada zenyewe utazisoma kwenye fomu ya kujiunga. Kinachobadilisha hesabu ni Bodi ya Mikopo.

Mkopo wa HESLB kwa shahada unaombwa na mwanafunzi wa programu yoyote iliyoidhinishwa akikidhi vigezo, wa sanaa pia. Kwa stashahada, mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 lakini kwa fani chache za kipaumbele: afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati na madini, kilimo na mifugo. Sanaa za jukwaani hazikuwa humo. Orodha hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka unaoomba. Maana yake ni hii: ukianza na chuo cha sanaa, jiandae familia kutoa mfukoni, ada, chakula na pango. Ukianza na chuo kikuu, huenda ukapata bumu, yaani fedha za mkopo.

Bumu nalo si zawadi. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Mshahara wa 800,000 unatoa 120,000 kila mwezi. Kwa msanii asiye na mshahara, deni linakaa linakusubiri. Na kama unapanga kuanza na stashahada kisha uombe mkopo wa shahada, usichelewe sana: Bodi hutazama umri, usizidi miaka 35, na pia muda uliopita tangu umalize masomo yaliyokuwezesha kudahiliwa.

Gharama ndogo ndogo ndizo zinazoua. Chuo cha sanaa: nguo za mazoezi zinazochanika kila mara, nyuzi za gitaa, dawa ya kuchua, nauli za kwenda maonyesho, kukodi vazi. Chuo kikuu: fotokopi, bando, laptopu. Ziandike zote, uzidishe kwa miezi kumi, uwaonyeshe wazee nyumbani.

Upande wa kuingiza, mwanafunzi wa chuo cha sanaa anaanza kupata shoo mapema, harusini, hotelini, kwenye uzinduzi wa hiki na kile. Ni nzuri na ni mtego. Nimeona wenzangu wawili wenye vipaji vinavyonizidi wakiacha mwaka wa pili kwa sababu hoteli iliwalipa kila wikendi. Msimu wa watalii ulipokwisha, hoteli ikaacha kupiga simu.

Hatua ya 7: Amua kipi kitangulie

Sasa unazo alama, kazi, ratiba, fedha. Kanuni yangu ni saa ya mwili.

Sarakasi na ngoma haziwezi kusubiri. Viungo vinakubali kufundishwa mapema, na ukianza na miaka 25 utajifunza, lakini utalipa kwa maumivu. Ala za nyuzi kama fidla na zeze, na piano, nazo zinataka vidole vichanga na saa nyingi. Kwa hawa nasema chuo cha sanaa kwanza hata kama alama za chuo kikuu unazo. Ndiyo, hata kama una C tatu. Shahada itakukuta ukiwa na miaka 23, na utaifaidi mara mbili, kwa sababu kila nadharia utakayoisoma utakuwa na mahali pa kuipachika.

Waigizaji wako katikati. Mwigizaji anaiva taratibu, na mwenye miaka 40 ana nafasi zake. Hapa fedha na alama ndizo ziamue. Sauti ya kuimba nayo inaendelea kukomaa mpaka ukubwani, usiiharakishe.

Mwandishi, mwongozaji, mtu wa uzalishaji: nenda chuo kikuu ukiwa na alama, lakini jilazimishe kila likizo kuwa kwenye jukwaa la watu wengine. Beba nyaya. Funga taa. Mwongozaji ambaye hajawahi kukunja zulia la jukwaa saa nane usiku huagiza mambo yasiyowezekana.

Wako watakaokuambia stashahada baada ya kidato cha sita ni kurudi nyuma. Ni kweli ukiwa unahesabu vyeti. Mimi nilihesabu hivyo siku nyingi, na bado kuna siku najuta kidogo nikiona wenzangu wa sekondari walivyopanda vyeo mapema. Sikufichi.

Kwa walio nje ya Bara

Zanzibar kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachofundisha tangu 2002. Anayetaka taarab, kidumbak, udi au qanuni asipoteze muda kwingine. Na hata huku Bara, Arusha, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kimejenga jina kwenye muziki, kwa hiyo msidhani chuo kikuu ni Mlimani tu.

Kenya, wastani wa C+ kwenye KCSE ndio mlango wa shahada, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina jina kubwa kwenye muziki na sanaa za maonyesho. Aliyepungukiwa alama au anayetaka ala peke yake aangalie Kenya Conservatoire of Music, Nairobi, iliyopo tangu 1944. Uganda, idara ya Makerere iliyojulikana kwa muda mrefu kama MDD, yaani muziki, ngoma na maigizo, ilianza 1971 na ndiyo mfano mzuri wa chuo kikuu kinachojaribu kubeba mizigo yote miwili. Hatua ya 3 na ya 4 zinawahusu ninyi vilevile.

Hatua ya 8: Zungumza na wazazi ukiwa na karatasi

Usiende na ndoto, nenda na daftari. Kosa langu lilikuwa kumwambia mzee usiku, baada ya taarifa ya habari, nimesimama mlangoni. "Baba, nataka kwenda Bagamoyo kusoma ngoma." Alinitazama, akazima redio. "Ngoma unasoma? Bibi yako alisomea wapi?" Mazungumzo yakaishia pale kwa miezi miwili.

Mjomba ndiye aliyenisaidia. Aliniambia niandike ukurasa mmoja: kozi inaitwaje, inatambuliwa na nani, inachukua miaka mingapi, ada kiasi gani kwa muhula, nikimaliza naweza kuendelea wapi, na nikikwama nitafanya nini. Nikamkabidhi baba asubuhi, nikaondoka. Jioni alinirudishia akiwa ameandika swali moja pembeni: "Hii GPA ndiyo nini?" Nikajua tumeanza kuelewana.

Mzazi unayesoma, na wewe nikuombe kitu. Usimwambie mtoto "somea kitu cha maana kwanza" ukidhani umemkubalia. Kwa mcheza ngoma, hiyo "kwanza" ndiyo miaka mitatu anayoihitaji.

Hatua ya 9: Jiandae kwa usaili wa vitendo

Baadhi ya vyuo vinataka kukuona ukitenda. Andaa kipande cha dakika tatu, kisizidi. Usiige nyota wa bongo fleva, watakuwa wameshamsikia mara ishirini asubuhi hiyo. Chukua wimbo wa kwenu, wa kutwanga, wa kubembeleza mtoto, wa mavuno, uimbe kama ulivyousikia. Mwigizaji awe na maneno ya mtu mmoja aliyoyashika vizuri, na awe tayari kuyarudia akiambiwa "sasa sema kama umechoka". Hapo ndipo wanapopima: si ulichoandaa, bali unavyopokea maelekezo. Kula kidogo. Vaa nguo unayoweza kuinama nayo. Ukitakiwa kutuma video, laza simu, simama mwanga ukiwa mbele yako, na zima feni.

Hatua ya 10: Dirisha likifunguka

Maombi ya chuo kikuu hupitia mifumo ya vyuo vyenyewe, kwa awamu, baada ya matokeo ya kidato cha sita. Omba vyuo zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, utatumiwa namba ya siri na lazima uthibitishe kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Kila mwaka kuna wanaosahau, nafasi inapotea. Tumia namba ya simu yako mwenyewe, siyo ya wakala wa stationery aliyekujazia fomu, maana namba ya siri itakwenda kwake. Maombi ya mkopo yana dirisha lake na nyaraka zake: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au ZCSRA kwa wa Zanzibar, kianze kushughulikiwa miezi kabla.

Wa chuo cha sanaa, ukishapata barua, soma orodha ya vifaa mara mbili, kisha ongeza visivyoandikwa: mikanda ya kufunga vifundo vya miguu, taulo mbili, ndala za akiba, daftari gumu la kuandikia hatua za ngoma, na chupa kubwa ya maji. Bagamoyo ina joto, na asubuhi ya kwanza watawakimbiza ufukweni.